Ombi la Kubatilisha Maharagwe ya Nyumbani Kwangu

Timothy Wangila,
Fundi wa Mbao na Mwenyekiti wa Kamati ya Choo,
Kisumu Ndogo, Kibera,
NAIROBI.

16 Machi 1998

Afisa wa Ushirikishaji,
Mradi wa Mtaa Safi,
NAIROBI.

Mheshimiwa Bi. Syokau,

KUH: KUBATILISHWA KWA UPIMAJI ULIOFANYIKA NDANI YA NYUMBA YANGU MIMI NIKIWA NJE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa ofisini, pamoja na yule dereva wenu aliyekwama kwenye matope siku ya kwanza tukamsukuma mpaka njia ya Makina. Huku sisi hatujambo. Choo kimesimama imara, kinafagiliwa kwa zamu, na mlango wake haujalegea hata kidogo, jambo ambalo nisingelitaja kama mlango huo haukutengenezwa na mimi.

Sina nia ya kukuvunjia heshima. Mimi ni mtu wa mradi, na kila mtu huku anajua. Lakini njia yenu ya kuamua mambo imeingia nyumbani kwangu bila hodi, inataka kunihamisha mtaa, na mpaka leo hakuna aliyeniomba msamaha. Nimeona afadhali nikuandikie rasmi kuliko kukaa nikinung'unika kwenye randa zangu.

Kwanza nikukumbushe ulichofanya, kwa kuwa najua una mitaa mingi. Mvua za El Niño zilipopungua ulikuja ukatandika gunia mbele ya kanisa letu, ukapanga mikebe, na juu ya kila mkebe ukaweka picha: choo kando ya mtaro, choo karibu na kanisa, bomba la maji, taa ya njiani. Ukatugawia maharagwe. Ukasema wakubwa wamezoea kumsikiliza anayepaza sauti, lakini uamuzi mzuri hutoka kwa washikadau wote, mama muuza samaki wa omena sawa na mwenye nyumba za kupangisha. Ukasema kila chaguo lipimwe kwa vigezo. Je, ni rahisi kulitunza? Je, ni salama kwa wanawake? Je, mzee ataweza kulifikia? Kwa kila kigezo tuweke maharagwe, mengi kwa chaguo linalofaa na machache kwa lisilofaa, kisha tujumlishe.

Bi. Syokau, nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Nilisimama nikasema, na watu wanakumbuka, kwamba nchi hii ingekuwa mbali sana kama kila jambo lingeamuliwa hivi. Kila jambo, ndivyo nilivyosema. Sasa naomba nieleweke kwamba nilikuwa na maana ya vyoo.

Choo kilikwenda karibu na kanisa, mbali na karakana yangu, vile vile nilivyotaka. Nikachaguliwa mwenyekiti. Nikaiona njia yenu kuwa sayansi kamili. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hukutuambia njia hiyo inaishia wapi.

Hata dawa ya kikohozi huandikwa kwenye chupa: weka mbali na watoto. Maharagwe yenu hayakuwa na onyo la aina yoyote. Mke wangu, Nelima, alikuwa amekaa mstari wa mbele na binti yetu Daisy mapajani, na siku nzima hakuuliza swali hata moja. Hapo ningepaswa kuogopa. Jioni ile, akinipakulia ugali, aliniuliza kwa upole kama sera za nyumba hii zimewahi kupelekwa mbele ya washikadau. Nilicheka. Nilicheka mpaka ugali ukapoa, na nilipomaliza kucheka yeye alikuwa bado ananitazama.

Jambo lenyewe ni hili. Lenah, binamu yake Nelima, anakaa Kawangware. Ana chumba chenye baraza linalotazama barabara, na amekuwa akimwita waende washone pamoja sare za shule. Nelima ana cherehani. Hapa kwetu cherehani hiyo hupanda kitandani kila mvua inaponyesha, kwa sababu maji huingia chini ya mlango, na sisi hupanda kitandani pamoja nayo, na Daisy hukohoa mpaka asubuhi. Nelima amelitaja jambo la Kawangware miaka na miaka. Mimi nimekuwa nikimjibu: tutaona.

Sioni ubaya wa jibu hilo. "Tutaona" ni sera iliyotulia. Haina gharama, haimkatai mtu, na ofisi kubwa kubwa za nchi hii zinaendeshwa nayo bila tatizo. Lakini Nelima akasema tangu siku ya gunia mbele ya kanisa, "tutaona" haihesabiwi tena kuwa chaguo.

2. Vigezo havina mlinzi.

Ulitufundisha kwamba kigezo cha mwenzako hakikataliwi, kinapimwa tu. Hili ni kosa kubwa la kiufundi na naomba lirekebishwe. Mimi nilileta vigezo ambavyo mtu yeyote mwenye akili anavielewa: ukaribu wa karakana yangu, ukaribu wa rafiki yangu Osewe tunayecheza naye drafti, sauti yangu ya besi kwenye kwaya, na heshima ya baba wa nyumba. Nelima akaleta vyake: sakafu kavu, kifua cha Daisy, kazi yake mwenyewe, na usingizi. Usingizi, Bi. Syokau! Tangu lini usingizi ukawa kigezo? Lakini nilipojaribu kuukataa akaniambia, "Hakikataliwi, kinapimwa tu. Si ni wewe ulikuwa unaimbia watu hivyo?"

Nikapendekeza basi heshima ya baba ipewe uzani kuliko vigezo vyote, kama ninyi mlivyoupa uzani usalama wa wanawake wakati wa choo. Hapo jirani yetu Filister, anayeuza omena, na ambaye wakati huo hakuwa amealikwa na mtu yeyote, akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta: "Sasa hiyo heshima ya Wangila tutapima na nini, kijiko ama debe?"

Ploti nzima, wapangaji wa mlango kwa mlango, ikacheka. Ofisi yako ikiwa na kipimo, naomba nitumiwe.

3. Hakuna anayejua mshikadau ni nani, kwa hiyo wote ni washikadau.

Ulisema mshikadau ni yeyote anayeguswa na uamuzi. Njoo ukae kwenye ploti yetu wiki moja, ambako ukuta ni matope na fito, halafu uniambie nani haguswi. Filister alisema anaguswa, kwa kuwa nikikoroma yeye husikia kabla ya Nelima. Kwaya ilisema inaguswa. Mama wa chapati wa pale kona alisema anaguswa kidogo. Osewe alisema anaguswa kuliko wote, kisha akanivuta kando akaniambia, "Buda, hii maneno ya kuweka bwana kwa mkebe ni noma. Kataa mapema."

Ningekataa. Lakini mimi ni mwenyekiti wa kamati iliyozaliwa na mikebe hiyo hiyo. Ningekataa kwa mdomo gani?

Mwishowe tukakubaliana washikadau wawe wachache: mimi, Nelima, Lenah kwa niaba ya Kawangware, na Filister kwa niaba ya ploti. Osewe akaachwa nje kwa sababu ya drafti, uamuzi ambao hajausamehe. Nilipiga hesabu zangu kimya kimya nikaona mambo si mabaya. Filister nilimtengenezea meza yake ya omena, na isitoshe hakutaka kumpoteza Nelima. Wawili kwa wawili. Nilikuwa nimeanza kupiga mluzi Nelima aliposema, "Na mama."

4. Nilishirikishwa nikiwa kichochoroni.

Sijui kwenu Ukambani mnafanyaje, kwa hiyo nikueleze ya kwetu. Kwetu Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaitani jina, hawatazamani usoni. Nikimwona njiani napinda. Hakuna chuki hapo, ni heshima, na ni heshima nzito kiasi kwamba mpaka leo sijui vizuri mama mkwe wangu ana sura gani, ingawa visigino vyake navifahamu.

Sasa mama huyo akaja. Alishuka kwenye basi na mfuko wa maharagwe yake mwenyewe kutoka shambani, kwa sababu alisema hawezi kupima maisha ya binti yake kwa maharagwe ya dukani. Kulala alilala kwa Filister, maana kulala nyumbani kwangu ni jambo lisilosemeka. Na alikuja na chaguo lake pia, ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria: kwamba Nelima na Daisy warudi naye Bungoma, na mimi nibaki huku na mbao zangu. Nilitaka kulipinga. Nikaambiwa chaguo la mshikadau halikataliwi.

Siku ya upimaji ikaonekana wazi kwamba chumba ni kimoja na watu ni sisi. Mmoja wetu alipaswa kuwa nje, na miguu ya mama mkwe haikumruhusu kusimama. Kwa hiyo mimi mwenye nyumba, mwenye meza, mwenye mikebe, mwenyekiti, nilishiriki nikiwa nimeegemeza mgongo kwenye ukuta wangu mwenyewe, mguu mmoja kila upande wa mtaro, nikipokea habari kupitia dirisha ambalo paka mnene hapiti. Waliokuwa wakipita kichochoroni waliniuliza kama nimefukuzwa. Niliwajibu kwamba ninashirikishwa. Mmoja akanipa pole.

5. Kulia na kushoto.

Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo, nawe ukiwa mtaalamu utauona mara moja.

Asubuhi, kabla mama mkwe hajaingia, niliipanga mikebe mezani kwa mkono wangu, nikiwa nimekaa kitandani. Ni mikebe ya mafuta ya Kimbo, yote mitatu sawa. Picha hatukuweka, kwa sababu sisi ni watu wazima na kila mtu alijua upi ni upi. Mkono wangu wa kulia niliweka kubaki Kisumu Ndogo. Katikati, Bungoma. Mkono wa kushoto, Kawangware. Nikatoka nje nikiwa na amani.

Mama mkwe akaingia, akakaa upande wa pili wa meza, mgongo dirishani, ili hata kwa bahati mbaya tusionane. Alifanya vyema kabisa, simlaumu. Nelima na Lenah wakakaa ubavuni mwake. Filister akasimama hapo dirishani kupokea kikombe changu. Na kwa kuwa mama ndiye mkubwa, akapewa heshima ya kumimina maharagwe ya kila mtu.

Wakaanza. Kwa kila kigezo nilisikia maharagwe yakianguka, na Filister akinitangazia kama anatangaza mpira. Nelima, Kawangware. Lenah, Kawangware. Filister mwenyewe alisema anaumia lakini anaweka Kisumu Ndogo. Mama mkwe akaweka Bungoma, na kwa kigezo cha usingizi alimimina mpaka Lenah akamshika mkono. Mimi niliachwa wa mwisho, kwa heshima. Yaani jambo zima likawa linaningoja mimi, na kikombe changu kilikuwa kimejaa.

Sikutaka kupotezea watu wakati kigezo kwa kigezo. Nilipitisha kikombe dirishani nikasema kwa sauti yangu ya kanisani: "Yote, kwa vigezo vyote, mkebe wa kulia!"

Kulia kwangu, nilikopanga mimi nikiwa kitandani, ni Kisumu Ndogo. Kulia kwa mama mkwe, upande wa pili wa meza, ni Kawangware. Mtu mwingine yeyote duniani angeniuliza: kulia kwako ama kulia kwangu? Mama mkwe hawezi kuniuliza. Tangu nimwoe binti yake hajanisemesha neno, na hakuwa na sababu ya kuanzia siku ile. Alimimina palipokuwa kulia kwake. Nilisikia yakianguka, mengi, nikatabasamu peke yangu huko kwenye mtaro.

Kisha Nelima akalia. Nilidhani analia kwa kushindwa, na nikwambie kweli, roho iliniuma. Nikajisemea nitamtafutia kitambaa kizuri, nitamfanyia na rafu ya nyuzi. Nilikuwa bado napanga ukubwa wa hiyo rafu mama mkwe alipopiga vigelegele.

6. Tangu siku hiyo mimi ni mtu mwema.

Hili, Bi. Syokau, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hali yangu imekuwa mbaya sana. Mchungaji aliniombea mbele ya watu, akasema wanaume wa Kibera wajifunze kwangu. Kina mama waliokuwa wakinisalimia kwa kidevu sasa wananiita "baba Daisy" kwa sauti ya asali, na wanawatuma waume zao waje karakana niwashauri. Nimeshauri kadhaa. Mmoja, Murunga wa baiskeli, alitoka kwangu na macho mekundu akaenda moja kwa moja kumwomba mkewe msamaha, na mimi nimebaki sijui nilimwambia nini.

Osewe amekunja ubao wa drafti. Tukikutana anasema tu, "Umetuangusha, buda," kama mtu aliyefiwa. Mama mkwe, kabla ya kurudi Bungoma, aliniachia kuku kupitia kwa Filister, pamoja na ujumbe kwamba anamshukuru yule asiyemtaja. Kuku nimemla. Alikuwa mtamu, na nilimmaliza mpaka mifupa.

Na Nelima anaimba. Anaimba akishona, anaimba akianika nguo, anaimba akiwa amebeba maji, ambapo mtu wa kawaida hutweta. Ameshaweka vyombo kwenye gunia. Juzi, tukiwa tumelala, aliniambia, "Kumbe ulikuwa unanisikia. Miaka yote nilidhani naongea na ukuta." Nilijibu, "Mm." Sasa nieleze wewe uliyesomea mambo haya: mtu anaanzia wapi kumwambia mke wake kwamba hapana, hakuwa akimsikia, alikosea upande tu?

Mimi siwezi. Nimejaribu. Nafungua mdomo, ananitazama, naomba chumvi. Siku hizi nakula chumvi nyingi mno. Ndiyo maana nasema ofisi iingilie.

Usije ukadhani naichukia Kawangware. Nimefika huko mara nyingi. Wana matope kama yetu, kelele kama zetu, na mbao nzuri tu. Lakini hapa nikitoka karakana mpaka kanisani naitwa njia nzima. "Fundi!" "Mwenyekiti!" "Wangila, kuja uone huu mlango!" Kule nitakuwa bwana wa yule fundi wa nguo, yule mrefu. Nitaanza kuwatajia watu jina langu, na umri huu. Kwaya yao huenda ina besi tayari. Naogopa, Bi. Syokau. Nimeliandika neno hilo nikalifuta, na ukigeuza karatasi kwenye mwanga utaona nimeliandika tena pale pale.

Kwa sababu hizo zote, naomba mambo machache ambayo kwa ofisi yenye kompyuta si kitu.

Kwanza, mtangaze kwamba njia hii inahusu choo, bomba na taa tu, na kwamba mume si chaguo.

Pili, mradi uchague kulia kumoja rasmi kwa Kibera yote, kuanzia Makina mpaka Silanga, kupakwe rangi ukutani, na mtu yeyote akisema "kulia" iwe ni huko bila kujali amekaa wapi. Ili kuokoa muda napendekeza kulia kwangu.

Tatu, mama wakwe wote washiriki kwa njia ya posta.

Nne, baba wa nyumba aondolewe kabisa kwenye washikadau, ahesabiwe kama hali ya hewa: jambo linalozingatiwa katika kila mpango, lakini ambalo hakuna anayeliomba maoni.

Tano, na hili ndilo kubwa, uje mwenyewe Alhamisi. Piga hodi, kaa, kunywa chai, halafu useme matokeo ya nyumba hii yamebatilishwa kwa sababu za kiufundi. Usitaje barua hii. Mimi nitashangaa. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo cha kunyolea na naendelea vizuri. Nitakupinga kidogo mbele ya Nelima, pengine nitagonga meza, nikisema sisi tumeshaamua kwenda na hakuna wa kutuzuia. Usichukulie vibaya. Wewe kataa. Nikipinga mara ya pili, kataa kwa ukali zaidi, kisha mimi nitamshika Nelima bega na kumwambia tulijaribu. Tafadhali usichelewe, kwa sababu mkokoteni umeshaagizwa wa Jumamosi.

Msalimie mkurugenzi, msalimie yule dada wa mapokezi aliyetugawia soda, msalimie dereva na umwambie njia sasa imekauka, na wasalimie washikadau wa mitaa mingine yote ambao bado hawajui kinachowajia. Filister anakusalimu sana. Hajui nimeandika nini, na kwa sababu ya ule ukuta nimeandika bila kusoma kwa sauti.

Wako katika ushirikishaji wa mambo ya nje ya nyumba,

Timothy Wangila.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, imebidi niifungue kwa mvuke wa birika.

Nelima aliingia, akaiona bahasha ilivyonenepa, akaniuliza nimemwandikia nani kurasa zote hizo. Sikuwa na uongo ulio karibu, kwa hiyo nikamwambia yote: kitandani, mezani, kulia kwangu na kulia kwa mama yake. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi nauweza. Hakugomba. Alisema, "Basi tukae tu, baba Daisy. Hakuna shida." Akafungua gunia, akaanza kutoa sufuria moja moja na kuzirudisha mahali pake, polepole, ili zisipige kelele. Hakuwa akiimba.

Nilivumilia mpaka akafika sufuria kubwa. Nikashuka kwenye kiti nikamuuliza, kwa mdomo wangu, pasipo mkebe wala mshikadau: wewe unataka nini? Alibaki ameishika ile sufuria. Nadhani alikuwa akinisubiri nimalize, kwa sababu maswali yangu kwa kawaida huja na majibu yake. Alipoona nimenyamaza kweli, alikaa chini pale pale sakafuni, akasema anataka twende, na anataka niende kwa kutaka, isiwe kwa kukosea.

Kwa hiyo usije Alhamisi, Bi. Syokau. Nimemwambia nataka.